Miji Kumi na Miwili, na Tulipoishia

Kila dereva mpya anayeingia ofisi ya misafara pale garaji anauliza jambo lile lile: kwa nini kalenda ya ukutani ni ya zamani hivyo, na kwa nini imesimama Septemba? Mmoja aliwahi kutaka kuitupa. Nilimwambia aitupe, kisha ajitupe na yeye kwenye shimo la machimbo. Nimestaafu zamani, siku hizi napita tu kusalimia, na mgongo ukinikataza hata hilo sitakuwepo kuwatisha tena. Kwa hiyo nawaandikia.

Nimesoma miaka mitatu tu ya shule ya msingi, na nikatoka bila kujua kusoma. Msidanganyike na hilo. Mainjinia wenye diploma zao walikuwa wanakuja mezani kwangu kuuliza lori litafika lini, na nikiwaambia Alhamisi mchana, lilifika Alhamisi mchana. Vyeo na mishahara siviandiki. Hivyo viko kwenye mafaili, na panya wanavisoma. Nitaandika juu ya kazi, juu ya mzee wetu Tata Kazadi aliyenifundisha kazi hiyo, na juu ya safari ya Italia niliyomwahidi. Niliipanga vizuri kuliko msafara wowote wa maisha yangu, kisha nikaiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilifika Kolwezi nikitokea upande wa Bukama, nikiwa na mashati mawili na uongo mmoja. Uongo ulikuwa kwamba najua kusoma. Walinipa kazi ya kuosha malori, na lori chafu halimwulizi mtu herufi, kwa hiyo uongo ukaishi wiki nzima. Siku ya nane Tata Kazadi akaniita ofisini. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa misafara: mtu mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata wakati wa joto, penseli nyuma ya sikio. Akanyoosha kidole ukutani kwenye kalenda mpya.

"Soma hapa."

"Mi nasomaka polepole, Tata."

"Haina neno. Kalandriye haikimbiake."

Nikasimama pale mpaka jasho likaingia machoni. Hakucheka. Alisema, "Uongo ya kwanza nakusamehea, juu unaosha makamyo muzuri. Ya pili, utarudia Bukama na miguu."

Kalenda ile ililetwa na muuza vipuri. Giaboksi za malori yetu zilitengenezwa Italia, basi wakaona watupendezeshe kwa picha kumi na mbili za miji ya huko, mji mmoja kila mwezi. Haikuwa ile miji mikubwa inayojulikana na kila mtu. Ilikuwa miji midogo ya kando ya bahari, ya wavuvi, yenye nyumba zilizobanana na nguo zimeanikwa madirishani. Hata Baba Padri, ambaye alisoma Roma, hakuwahi kuisikia mingi yake.

Tangu siku ile, kila mchana wenzangu walipokuwa wakila bukari, ugali wetu, Tata Kazadi alinifundisha kusoma. Kifaransa cha ofisini kilinishinda. Unaandika herufi saba, unatamka tatu, nyingine zinakaa bure kama walinzi wa usiku. Lakini majina ya miji ile yalisomeka kama majina ya kwetu. Unaiona herufi, unaitamka, kazi imekwisha. Vasto. Trani. Otranto. Neno la kwanza kulisoma peke yangu katika maisha yangu ni Maratea, na nilidhani ni mwanamke.

"Huyu Maratea ni nani, Tata?"

"Ni muji. Lakini hata angekuwa mwanamuke, hungemuweza. Anaikala juu ya mulima."

Mwaka ukaisha na kalenda ikabaki. Tata Kazadi aliendelea kufunua ukurasa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, ingawa siku zake zilikuwa hazilingani tena na siku za kweli. Alikuwa hajawahi kuona bahari. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa la Nzilo, na alikuwa akisimama mbele ya picha akipima kwa macho: hii ni Nzilo ngapi?

Sasa kazi. Msafara si malori mengi kwenye barabara moja. Malori mengi kwenye barabara moja ni fujo. Tata Kazadi alikuwa na taratibu tatu, na nyinyi mmezikuta kana kwamba zilianguka na mvua. Kwanza, kila siku ya nne isiwe na kitu, iwe siku ya pane, yaani ya kuharibikiwa, maana kitu kitaharibika tu, na kama hakikuharibika watu wamepumzika. Pili, jua mkate na maji viko wapi kabla hujajua utalala wapi. Tatu, lori la polepole linatangulia. Lile lenye injini iliyochoka, au mzigo mzito, au dereva mwenye homa, hilo linakaa mbele na wengine wote wanafuata mwendo wake. Ukiliweka nyuma, litabaki, na hutajua kama limebaki.

Mimi nilijua kuliko mwalimu wangu. Msafara wa kwanza niliouongoza ulikuwa wa Dilolo, malori saba ya unga na saruji, masika yameanza. Nilitaka kuwahi, ili watu waseme. Nikaweka lori jipya mbele na mimi ndani yake, na nyuma kabisa nikamweka Ilunga, dereva mzee kidogo, mwenye giaboksi inayoruka na malaria mwilini. Wakati ule barabara ile haikuwa na simu. Tulipofika Kasaji nikahesabu: sita. Nikasema atafika. Asubuhi alikuwa hajafika, na mvua ilikuwa imebeba kidaraja nyuma yetu.

Tulimpata siku ya tatu, chini ya lori lake, amekunja turubai ili likinge maji ya kunywa. Alikuwa hai. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Aliuliza tu:

"Shefu, mulinihesabu?"

"Tulikuhesabu, Ilunga."

"Mulihesabia fasi gani?"

"Kasaji."

"Njo vile," akasema. "Munahesabiaka fasi mumefika."

Hakuendesha tena. Alirudi kwao, na sijamwona mpaka leo.

Tata Kazadi hakunifokea. Alitoa penseli sikioni, akafungua daftari langu, akaandika juu kabisa ya ukurasa: Nani wa mwisho? Akaniambia niandike vile kwenye kila ukurasa wa kila msafara, mpaka siku nitakapokufa au nitakapofukuzwa. Niliandika. Na nasema bila aibu: tangu pale mpaka mgongo uliponisimamisha, sikuacha lori hata moja. Dilolo, Fungurume, Kasumbalesa, popote. Ndiyo sababu mliniita Shefu Kilometa, na jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa sikulikataa.

Siku Tata Kazadi alipostaafu, alinikabidhi ile penseli. Tulikuwa wawili tu ofisini. Akaangalia kalenda.

"Tuende siku moja tuone kama hii bahari ni ya kweli, ao ni rangi ya batu ba imprimerie, bale bachapaka kalandriye."

"Tutaenda, Tata. Mi njo nitapanga."

"Polepole, hein. Mi sitaki kukimbizwa mbele ya bahari."

Nikaahidi. Halafu nikarudi barabarani, kwa sababu barabara haiishi, na miaka ikaenda. Yeye kikohozi kikaanza. Alikula vumbi la barabara zetu miaka mingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Daktari alisema mapafu yamechoka na hayatarudi. Nilipostaafu na mimi, alikuwa anatoka kitandani mpaka kwenye lango la nyumba yake kule Manika kwa kupumzika mara moja katikati. Basi jambo lilikuwa hilo, hakuna lingine: kumfikisha kwenye bahari akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Nilinunua daftari jipya. Binti yangu Sifa, anayeishi Lubumbashi, alinionyesha jinsi ya kuangalia stesheni na mitaa kwenye simu, kama ndege anayepita juu. Sikulala vizuri kwa furaha. Wengine wanakwenda Italia siku tano wanarudi na picha za minara. Mimi nilipanga wiki saba, miji kumi na miwili, usiku tatu kila mji, na siku ya nne ya pane. Treni za haraka nilizikataa. Nilichagua zile ndogo zinazosimama kila mahali, maana dirishani mzee angeona bahari muda mrefu. Nilipanga miji upya kufuata reli: kushuka upande wa mashariki kutoka Vasto, Termoli, Trani, Monopoli mpaka Otranto, halafu kuvuka kwenda bahari ya upande wa pili, Scilla, Maratea, na kupanda polepole mpaka Camogli. Miezi yenye joto niliiruka, wakati huo watu wanalala mchangani kama mifuko ya saruji. Nikachagua Oktoba.

Na ngazi. Hakuna aliyewahi kupanga safari kwa ngazi kama mimi. Miji ile imejengwa juu ya miamba, na mapafu ya Tata Kazadi yalikuwa na ngazi chache zilizobaki. Nilimpigia simu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Trani. Kifaransa chake na changu vilikuwa vimesoma shule moja, miaka mitatu. Nikamwuliza kuna ngazi ngapi kutoka mlangoni mpaka chumbani. Aliweka simu chini, nikasikia viatu vyake vikipanda, akarudi anahema: kumi na nne. Nikamwambia ni nyingi. Akaniuliza mimi ni nani hasa.

Kila jioni ya Jumapili nilimsomea mzee mpango.

"Na siku ya pane?"

"Kila siku ya ine, Tata. Haina kitu."

"Muzuri. Na mukate?"

"Iko mulango wa tatu kutoka gare ya treni."

Mke wake, Mama Ngoie, alikuwa akipita na sufuria. "Muko napanga, muko napanga," alisema mara moja. "Miaka mbili. Batu bengine bangekuwa bameshafika na kurudia, na tumekwisha kuchoka kuona mapicha yabo."

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa, maana huwezi kuzunguka shimo kila siku. Pasipoti yangu ilikuwa tayari. Ya Tata Kazadi ilikuwa bado. Karatasi zake za kuzaliwa zilipotea zamani, na ilibidi nyingine zitafutwe kijijini kwao. Visa inaombwa Kinshasa, na mtu anakwenda mwenyewe, ili alama za vidole vyake zichukuliwe.

"Tunapeleka pamoja?" akaniuliza.

"Hapana, Tata. Mi natangulia, nafungua barabara. Bakinipa mi, wewe utapita tu nyuma yangu."

Mkono wake ukapanda sikioni, kama anayetafuta penseli ambayo alishanipa. Halafu ukashuka.

"Bon. Wewe njo shefu sasa."

Nikaenda Kinshasa na suti yangu ya kijivu. Pale ubalozini mama wa nyuma ya kioo aliniuliza kama nina ndugu Italia. Hapana. Biashara? Hapana. Akasoma orodha ya miji. "Mbona hii? Mingine hata sisi hatuijui." Nikamjibu kwamba ndiyo miji ya kalenda, nikapitisha daftari chini ya kioo. Akafunua kurasa: treni, mikate, ngazi, siku za pane. Akamwita mwenzake aje aone. Nilipata visa. Wenye digrii walikuwa kwenye benchi wanangoja, wengine wakarudishwa, na mimi mwosha malori nikatoka nayo. Niliisimulia kwenye ndege, niliisimulia Kolwezi kila mahali penye kiti. Kwa Tata Kazadi niliingia nimeinua pasipoti juu kama refa anayetoa kadi. Akaishika, akaipapasa ile karatasi yenye picha yangu.

"Unakuwa mukubwa kweli," akasema, na akakohoa mpaka Mama Ngoie akanitoa nje.

Visa ina siku zake, inaanza kuliwa siku uliyopewa kuanza. Karatasi za mzee zilitoka kijijini zimechelewa sana. Zilipofika, daktari alikataa hata ndege ya kwenda Kinshasa. Alikuwa na chupa ya hewa kando ya kitanda, na safari ya kwenda langoni ilikuwa imekwisha.

Siku ile nilikaa uani kwake nikafungua daftari, nikitafuta kosa kama fundi anayetafuta panapovuja. Treni zilikuwa sawa. Ngazi zilikuwa sawa. Ndipo nikaona juu ya ukurasa, na juu ya ukurasa uliofuata, na wa mwisho: Nani wa mwisho? Mwandiko wangu mwenyewe, kurasa zote za wiki saba. Mkono uliandika kwa mazoea, na kichwa hakikusoma.

Kama ningemweka yeye mbele, kila kitu kingefuata mwendo wake. Ningeanza na karatasi zake, si zangu. Ningejua mapema kwamba kifua hakitangoja Oktoba. Ningempeleka kwenye joto, kwenye kelele, katikati ya mifuko ya saruji, mji mmoja tu, wowote, siku mbili, nikamkalisha kwenye kiti mbele ya maji. Miji kumi na miwili ilikuwa sifa zangu. Yeye alitaka bahari. Nilifanya tena yale ya barabara ya Dilolo: lori lenye nguvu mbele, mimi ndani yake, nimefika, nahesabu.

Aliniita ndani.

"Visa yako iko na siku ngapi?"

"Bado inatosha, Tata."

"Basi enda."

"Siendi."

"Kichwa nguvu. Enda, utaniambia."

"Kamyo haiachwake mu barabara. Wewe njo ulinifundisha."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Basi lete kalandriye."

Niliitoa ukutani ofisini, mtakumbuka ile alama nyeupe iliyobaki. Nikaitundika mbele ya kitanda chake. Tangu siku ile, kila asubuhi saa nne, Mama Ngoie akishamwosha na kumwegemeza kwenye mito, nilikuja na daftari tukasafiri. Nilitaka kuanza Vasto, kufuata reli.

"Apana. Januari. Sasa hatulipi treni, fuata kalandriye."

Kwa hiyo tulikwenda kama walevi, leo kaskazini, kesho kutwa kusini. Nilimsomea treni inavyotoka, bahari iko dirisha la kushoto au la kulia, mlango wa mkate, mlango wa chumba. Siku tatu kila mji. Hakuniruhusu kuruka hata kituo. Akauliza kama mkate wa kule una chumvi.

"Sijue, Tata."

"Shefu gani hajue mukate?"

Ikabidi Sifa atafute. Siku ya nne aliinua kidole: pane. Tulikaa tu, bila kusoma, tunasikiliza malori yakibadilisha gia kwenye kilima, na yeye akanitajia kwa sauti lipi giaboksi yake inakufa. Hakukosea.

Kule Maratea alinikumbusha yule mwanamke wangu, akamsimulia Mama Ngoie, wakanicheka wote wawili. Kufikia ukurasa wa Agosti, kwenye Scilla, alikuwa anasema maneno mawili, anavuta hewa, anasema mawili. Picha ya Scilla ina nyumba ambazo ukuta wake wa nyuma uko ndani ya mawimbi.

"Nyumba... ndani ya mayi."

"Ndiyo, Tata."

"Bajinga."

Ukurasa wa Septemba ni Monopoli. Kibandari kidogo, mashua za bluu zimefungwa moja kando ya nyingine, na ukuta wa mawe nyuma yake. Siku ya kwanza nilisoma yote. Chumba kilikuwa chini, ngazi sifuri. Nilijivunia chumba kile.

"Kubwa... kupita Nzilo?"

"Hii ni bandari tu, Tata. Ile kubwa iko nyuma ya ukuta. Tutaiona kesho, kwa miguu, ni karibu."

Akanyoosha mkono mpaka kwenye ukurasa, akauweka juu ya mashua.

"Tulale hapa."

"Tunalala siku tatu, iko mu mupango."

"Apana. Tulale."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa njiani, daftari kwapani, jirani yao mmoja akanikuta barabarani. Sikuhitaji aseme. Nilifika saa nne kamili, kama kawaida yangu. Mama Ngoie alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na kalenda ilikuwa mbele yake.

"Ameenda kuona nyuma ya ukuta," akaniambia. Halafu akalia.

Visa yangu ilikuwa bado na siku tisa. Sifa alinisihi: "Papa, enda, hata ule muji mumoja, umuonee." Sikwenda. Nilikaa nikaziangalia siku zile tisa zikiisha moja moja. Wengine wenu mlisema ni ujinga, kupata kitu ambacho wasomi wamenyimwa na kukiacha kioze. Pengine. Mimi sijui kufika bila mtu wangu. Nilijifunza mara moja kwa Ilunga, nikasahau, na mara ya pili sikusahau tena.

Kalenda nimeirudisha ukutani pale pale, kwenye alama yake nyeupe.

Jana nilipita kwenye lango la garaji, nikaona orodha yenu ya msafara wa Dilolo wa Jumatatu. Mvua zimeanza. Mmeweka lori la zamani, lile linalovuja mafuta, nafasi ya mwisho, na jipya mbele na mkuu wenu ndani yake. Ibadilisheni kabla hamjawasha. Msibishe, sitaki kusikia habari za muda.

Na pale ofisini msifunue Oktoba. Msafara wetu umesimama Monopoli, na hauondoki bila yeye.